Mwimbaji Aliyekufa Mara Tatu

Kijiwe chetu hakina benchi la mbao. Kina kochi. Ni kochi la watu watatu ambalo mteja mmoja alilileta kwa Fundi Sponji libadilishwe kitambaa, kisha akahama mji na hakurudi tena, na fundi akalisukuma nje ya karakana, chini ya upenu wa bati, ili lisimbane ndani. Tangu hapo lina wenyewe. Upande wa kushoto, ambako springi bado ni nzima, hukaa Stempu, mzee aliyestaafu posta. Upande wa kulia hukaa Wembe, kinyozi wa chumba cha pili, ambaye hutoka na kitana sikioni kila kiti chake kinapokosa kichwa. Katikati, penye shimo, hukaa Sponji mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mpole. Mama Birika huweka jiko lake la kahawa mbele yao, na mimi huwa ndani, karibu na mlango, kwenye cherehani, nashona foronya za mito ya makochi huku mwanangu amelala juu ya mabaki ya sponji. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Jumamosi. Kwenye mkono wa kochi palikuwa na spika ndogo, na ndani ya spika alikuwa anaimba mtu ambaye kijiwe kizima kilikuwa kimeshamzika mara mbili.

— Si yeye, alisema Wembe. Huyu ni mtoto.

— Ni yeye, alisema Stempu.

— Jana alikuwa na sauti kama gunia la kokoto linaloburutwa. Leo ana sauti ya mtu anayetumwa dukani.

— Nimesema ni yeye.

— Mzee Stempu, huyu tulimzika Jumatano. Wewe mwenyewe ulivua kofia.

— Nilivua kwa makosa. Mtu haruhusiwi kukosea?

Sponji alikuwa ameegemeza sikio kwenye spika, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu ambacho hakukitarajia kabisa.

Hapa inabidi nieleze mambo yalivyofika huko. Sponji ana mtoto mmoja wa kiume. Kijana alikulia humu karakanani, akajifunza kung'oa misumari, kupima kitambaa, kufunga springi. Halafu akaacha nyundo akashika gitaa, akajiunga na wenzake wanaopiga muziki wa roki. Siku aliyolileta gitaa lile hapa na kulipiga, baba yake alimwambia mbele ya wateja kuwa hizo ni kelele za mabati, na kwamba mtu mzima hawezi kuziita kazi. Kijana aliondoka. Alihamia mji mwingine, akaoa huko, na wawili hao hawakuongea tena. Kisha mwezi uliopita dada yake kijana alikuja na memori kadi ndogo, ameifunga kwenye karatasi ya peremende, pamoja na ujumbe wa mdomo: "Mwambie baba, humu mna nyimbo zote za bendi moja ya wageni, albamu zao zote tangu walipoanza. Asikilize kwa mpangilio, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, asiruke hata mmoja. Akimaliza nitakuja, tuongee."

Sponji haijui lugha ya nyimbo hizo, wala muziki wenyewe. Akaileta shida yake kwenye kochi, kama tunavyoleta shida zote. Stempu alijitolea kuziingiza nyimbo kwenye simu, kwa kuwa ana miwani na ana subira. Wembe alileta spika ya kinyozini. Mama Birika alikubali kuvumilia magitaa, ingawa alisema yanamfanya moyo uende mbio. Wakaanza. Kila asubuhi walisikiliza kidogo, mpaka kahawa iishe.

Lakini kusikiliza kukageuka upelelezi. Bendi ile haikutulia. Leo mwimbaji ana sauti nzito, kesho nyembamba, keshokutwa nzito tena. Mpiga ngoma anapiga kama fundi aliyebobea, wimbo unaofuata anapiga kama mtu anayeanguka na sufuria. Kinanda kinakuja, kinatoweka, kinarudi kama mume aliyefukuzwa. Wazee wetu hawawezi kuona jambo lisilo na sababu wakaliacha lipite. Walilitafutia sababu.

Mara ya kwanza mwimbaji alikufa kwa ugonjwa. Stempu alithibitisha. Lugha ile anajua maneno machache tu, yale yanayoandikwa juu ya vifurushi vya posta, na katika wimbo mmoja alilisikia wazi neno linaloandikwa kwenye masanduku ya vioo, lenye maana ya dhaifu, kinachovunjika. Basi mtu alikuwa mgonjwa, na wimbo uliofuata sauti ilikuwa nyingine, kwa hiyo alikuwa amefariki. Kesho yake sauti ya kwanza ikarudi. Ikabidi waamue kwamba alikuwa amelazwa tu. Mara ya pili ulikuja wimbo usio na mwimbaji kabisa, gitaa peke yake, polepole. Hapo hata Wembe alisimamisha mashine, mteja akabaki na nusu kichwa. Ndipo walipomzika, hiyo Jumatano. Alhamisi akafufuka.

Na sasa Jumamosi, katika nyimbo za mwisho kabisa, alikuwa mtoto.

— Nisikilizeni, alisema Wembe. Mimi niliwahi kumnyoa mtu aliyepasuliwa koo. Kabla ya hapo alikuwa akiongea kama tingatinga. Alipotoka hospitali alikuwa akiongea kama filimbi. Mke wake akawa hapokei simu zake, anadhani ni mwanamke.

— Kwa hiyo huyu kapasuliwa, alisema Mama Birika.

— Kapasuliwa. Ndiyo maana kuna siku haimbi. Alikuwa bado na nyuzi.

— Mimi naona kaacha pombe, alisema Mama Birika. Mume wangu alipoacha, hata kukoroma kulibadilika. Zamani alikuwa akikoroma mpaka vyombo kabatini vinagongana. Sasa anakoroma kama paka. Mtu akitubu, sauti inarudi utotoni.

— Kutubu hakupunguzi umri, mama.

— Wewe umewahi kutubu ukaona?

Wembe akanywa kahawa.

— Nyote mnapapasa gizani, alisema Stempu. Mimi nimekaa posta maisha yangu yote. Mimi najua kinachoendelea. Ni zamu.

— Zamu?

— Zamu. Waimbaji ni watatu. Mmoja wa asubuhi, mmoja wa mchana, mmoja wa usiku. Kila kazi kubwa ina zamu. Huwezi kumweka mtu mmoja dirishani tangu alfajiri mpaka usiku, atawatukana wateja. Huyu mwenye sauti ya mtoto ni zamu ya asubuhi, hajachoka. Yule wa kokoto ni zamu ya usiku.

— Na yule tuliyemzika?

— Alikuwa likizo.

Wembe alicheka mpaka kitana kikamdondoka sikioni. Kisha naye akawaza, akakunja uso.

— Au hakuna mtu, alisema. Nimelifikiria hili tangu jana, nikashindwa kula. Labda hakuna mtu kabisa. Ni mashine. Wameifundisha kuimba, na kila inapoharibika wanaifungia sauti nyingine. Sisi tumekaa hapa mwezi mzima tunaililia mashine. Mimi nimefunga duka kwa heshima ya friji.

Mama Birika aliitazama spika kama mtu anayemwona jirani yake kwa mara ya kwanza, akaisogeza mbali kidogo na jiko.

Ndipo Sponji alipoinua kichwa. Yeye huongea kwa sauti ndogo, na watu humsikiliza kwa sababu inabidi.

— Ni mwanawe, alisema.

— Mwana wa nani?

— Wa mwimbaji. Yule wa sauti nzito amezeeka, amechoka. Huyu kijana ni mwanawe. Mlikuwa mnamsikia kila mara, anakuja, anaondoka, anakuja, anaondoka. Hakuwa ameamua. Sasa tumefika mwisho, na mwishoni anayeimba ni nani? Ni mwana peke yake. Ameishika kazi ya baba yake.

Stempu alivua miwani.

— Loo, alisema polepole.

— Kijana wangu si mtu wa maneno mengi, aliendelea Sponji. Kama mimi. Mtu akikwambia sikiliza mpaka mwisho, basi neno lake liko mwisho. Nami nimelisikia. Anarudi karakanani. Nimeshamtuma dada yake amwambie kuwa leo tunamaliza. Leo mchana atafika, atasema, baba, nimerudi kwenye nyundo.

— Amekwambia hivyo kwa mdomo wake? aliuliza Mama Birika.

— Ameniambia kwa nyimbo hizi zote.

— Mimi nauliza kwa mdomo.

Mimi nilikuwa nimejua tangu jana kuna jambo, maana aliniomba nimwangalie mwanangu asiguse ubao uliosimamishwa nyuma ya milango. Rangi yake ilikuwa bado mbichi. Ni ubao mpya wa karakana, kazi ya mchoraji wa mtaa wa pili, na umeandikwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli: FUNDI SPONJI NA MWANAWE. Kwenye ukuta, pembeni ya nyundo yake, alikuwa ametundika nyundo nyingine, na meza ya pili ambayo miaka yote ilijaa vitambaa chakavu ilikuwa tupu, imefutwa vumbi mpaka miguuni.

Wembe aliinuka, akachungulia ndani, akauona ubao. Alirudi akakaa taratibu mno.

— Sponji, ndugu yangu. Umeshauchora?

— Kwa nini nisichore?

— Nasema tu. Mimi ningengoja kijana afike.

— Wewe unaamini anayeimba ni friji, alisema Sponji, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimdhihaki mtu.

Wimbo wa mwisho uliisha. Spika ikanyamaza. Walikaa wote watatu wakiitazama, kama watu waliotoka kwenye safari ndefu na hawajui washuke na mguu gani. Ndipo aliposimama mbele ya kochi mwanamke kijana mwenye begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi la njiani.

— Hamjambo wazee wangu. Shikamooni. Hapa ndipo kwa fundi makochi?

— Marahaba. Ndipo, alisema Wembe. Kochi liko wapi, kwenye gari?

— Sina kochi. Mimi ni mke wa kijana wake.

Sponji alitaka kusimama haraka, lakini lile shimo la kochi halimwachii mtu kirahisi. Stempu akamvuta mkono mmoja, Wembe mwingine, akatoka akiwa ameinama, nyuzi za kochi zimemganda surualini.

— Karibu mkwe wangu. Karibu sana. Mwenzako yuko wapi?

Binti aligeuka nyuma, akaonyesha kwa kidevu. Mwisho wa mtaa, kwenye nguzo ya umeme, alisimama mtu mwenye gitaa mgongoni. Alikuwa ameelekea upande mwingine, anasoma tangazo la chumba cha kupanga kama vile maisha yake yote yanalitegemea.

— Anaogopa, baba. Safari nzima hakula. Ameniomba nitangulie, nikuulize swali moja. Nikipata jibu nimpungie mkono aje. Nisipopata, nirudi, tupande basi la mchana.

Nilisimamisha cherehani. Sponji aliufuta uso kwa kiganja.

— Uliza, mama.

— Aulize, alisema Stempu, akijiweka sawa. Tumejiandaa. Tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, hatukuruka hata mmoja. Mwimbaji ameugua, amelazwa, amefariki, amefufuka, akafariki tena.

Binti alimtazama.

— Nani amefariki?

— Mwimbaji. Mara mbili.

— Na leo ya tatu, aliongeza Wembe, ingawa leo hatuna uhakika, inawezekana amepasuliwa tu.

— Au ametubu, alisema Mama Birika.

Yule binti alibaki mdomo wazi. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akarudi kwa Sponji, kana kwamba hao wengine ni redio ya jirani.

— Baba, swali lake si gumu, alisema. Katika nyimbo zote hizo, upi umekupendeza?

Sijawahi kuona kochi lile likikosa la kusema. Wembe alifungua kinywa, akakifunga. Stempu alitoa miwani, akaipangusa, akaivaa, akaitoa tena. Mama Birika alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagika mchangani, na hakuna aliyeona. Mwezi mzima walikuwa wamekaa na magitaa yale. Waliweza kukuambia siku gani kinanda kilitoroka na nani alimwonea wivu nani. Lakini wimbo uliompendeza mtu, hilo halikuwa limemjia yeyote akilini.

— Yote, alinong'ona Wembe pembeni. Mwambie yote.

— Ule wa dhaifu, alinong'ona Stempu upande wa pili. Ni mzuri ule.

— Baba mwenyewe, alisema binti.

Sponji alitazama mikono yake.

— Sijui, mwanangu, alisema. Nilikuwa natafuta anachoniambia. Kila wimbo niliukamata shingoni nikauuliza, umeleta habari gani. Kuna unayeweza kumpenda ukimkamata hivyo?

Binti alitazama nguzoni, na kijana wake alikuwa bado anasoma lile tangazo.

— Basi nikusaidie, alisema taratibu. Wa kwanza kabisa je? Yeye alidhani huo hutausahau, kwa ubovu wake. Wanagongana humo ndani kama watoto kwenye mlango wa darasa.

— Wa kwanza si mbovu, alisema Sponji. Wa kwanza ni ule wenye vinanda na vinubi, mwimbaji ana sauti nzito. Kazi safi ile, haina hata mshono uliopinda.

— Wenye vinubi?

— Ndiyo.

— Baba, huo ni wa mwaka jana. Huo uko kwenye albamu yao ya mwisho.

Alinyoosha mkono, Sponji akampa simu. Binti alipitisha kidole juu ya kioo, juu, chini, juu tena. Uso wake ulibadilika.

— Mafaili ya albamu yako wapi? Alizipanga yeye mwenyewe, kila albamu na faili lake, na mwaka wake. Alikesha akizipanga. Hapa zote zimemwagwa mahali pamoja, zimefuatana kwa herufi za majina. Nani kafanya hivi?

Hakuna aliyemtazama Stempu. Lakini kutomtazama huko kulikuwa kwingi mno.

— Mimi, alisema mzee. Zilikuja zimetupwa kwenye mafurushi. Hili furushi lina A na M na S, lile lina B na S na W, yaani fujo tupu. Nilishtuka, nikajiuliza kijana wa fundi alifundishwa wapi. Nikazifungua zote, nikazipanga kama inavyotakiwa. Sikulala. Hakuna barua hata moja, namaanisha wimbo, uliopotea mikononi mwangu.

— Mzee Stempu, alisema Wembe kwa sauti kavu. Kwa hiyo hakufa.

— Inaelekea hakufa.

— Alikuwa hai wakati wote.

— Alikuwa kwenye herufi nyingine tu.

— Nilimwacha mteja na nusu kichwa kwa ajili ya herufi.

Stempu alikuwa amepauka. Miaka yote aliyokaa posta, alisema baadaye, hakuwahi kupeleka barua kwenye nyumba isiyo yake, na sasa alikuwa amezipeleka barua za mtoto wa rafiki yake zote, moja baada ya nyingine, kwenye mlango usio wenyewe. Mama Birika alimpa kahawa, akampigapiga begani, hakumsema.

Mimi nilikuwa namtazama Sponji. Alisimama wima, hajatikisika, lakini nilimwona anavyorudi nyuma kichwani mwake, wimbo baada ya wimbo.

— Yule mtoto wa leo, aliuliza. Anayeimba mwishoni. Ni mwana wa nani?

— Si mwana wa mtu, baba. Ni yule yule mwimbaji. Ndivyo alivyokuwa walipoanza. Alikuwa mdogo, hajui kuimba, wenzake hawajui kupiga. Mume wangu alitaka uanze na hapo. Alitaka uwasikie wanavyokosea, halafu usikie wanavyorekebisha, albamu kwa albamu, miaka na miaka, mpaka ule wenye vinubi. Alisema baba yake ni fundi. Akisikia watu wanajifunza kazi, atajua ni kazi.

Sponji alitikisa kichwa mara moja. Aliingia karakanani, akanipita bila kuniona, akaushika ule ubao kwa ncha za vidole kwa kuwa rangi ilikuwa haijakauka, akaugeuza maandishi yakatazama ukuta. Alisimama hapo kidogo, mgongo umenielekea. Alipotoka, vidole vyake viwili vilikuwa vyekundu.

— Unaweza kuniwekea ule wa kwanza? alimuuliza binti. Wa kwanza wa kweli.

— Naweza.

— Niwekee. Usimpungie mkono kwanza. Sina jibu lake, na sitaki kumdanganya.

Alirudi kukaa shimoni mwake. Binti aliutafuta, akaubonyeza. Ulikuwa ni wimbo ule ule waliousikia asubuhi, wenye sauti ya mtu anayetumwa dukani, lakini safari hii hakuna aliyemuuliza alikotoka. Ngoma zilianza kabla ya wakati, zikajishtukia, zikangoja. Gitaa likaingia limechelewa. Kijana akaanza kuimba juu mno, akashindwa kufika, akateremka katikati ya neno akijifanya ndivyo alivyokusudia.

— Huyo wa ngoma anakimbia, alisema Sponji.

— Anakimbia, baba.

— Anaogopa kusahau. Wanafunzi wote wako hivyo. Anapiga msumari wa pili wakati wa kwanza haujashika. Hata yule mwenyewe, alisema akionyesha kule nguzoni kwa kidole chekundu, kochi lake la kwanza lilikuwa na misumari mingi kuliko mbao.

Binti alicheka. Wembe naye alitaka kusema jambo, nililiona linapanda kooni, lakini Mama Birika alimkabidhi kikombe kwa namna ambayo mtu hawezi kukikataa. Wimbo ukaendelea. Sponji aliupunguza na kuuongeza sauti, akiusogelea kwa sikio jinsi anavyosogelea springi inayolia, na sauti ya spika ya kinyozini ikaenda mtaa mzima.

Hakuna aliyempungia mkono. Alikuja mwenyewe. Nilimwona akigeuka kwenye tangazo lake, akasikiliza kichwa kimeinama, kisha akaanza kutembea, polepole mwanzoni, halafu kwa hatua za mtu anayeogopa wimbo utaisha kabla hajafika. Amerithi ufupi wa baba yake na mabega yake. Alisimama mbele ya kochi, mikono ameshika mikanda ya gitaa.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba.

— Umemaliza?

— Bado, alisema Sponji. Ndiyo kwanza naanza.

Kijana alimtazama mke wake, na mke wake alitazama pembeni. Wakatazamana tena. Sijui waliambiana nini kwa macho, lakini mabega ya kijana yalishuka.

Stempu alisimama. Hakuna aliyemwambia. Aliiacha ile nafasi yake ya springi nzima, ambayo hajawahi kumwachia mtu hata akiwa mgonjwa, akaenda kukaa juu ya ndoo ya rangi karibu na jiko, kofia mapajani. Kijana alilivua gitaa, akalilaza kwenye mkono wa kochi kando ya spika, akakaa. Ngoma zilikuwa zimejikwaa tena. Baba na mwana wote wawili walikunja uso pale pale, kwenye kosa lile lile.

— Huu je, baba? aliuliza kijana. Umekupendeza?

Sponji aliinua kidole, akamzuia.

— Ngoja uishe.